GPA ya 2.6, na bado nikaingia shule ya tiba kwa vitendo

Nilihitimu digrii ya kwanza ya baiolojia hapa Texas nikiwa na GPA, yaani wastani wa alama, ya 2.6 kati ya 4.0. Leo nina leseni ya tiba kwa vitendo na nafanya kazi katika hospitali ya marekebisho, wagonjwa wangu wengi wakiwa watu waliopata kiharusi. Nilivyotoka pale hadi kufika hapa ndilo jambo ninaloulizwa mara kwa mara, hasa na vijana wetu wa Kitanzania na Kikenya wanaosoma huku wakifanya kazi ya kutunza wazee, ambao wameshaambiwa na mtu fulani ofisini kwamba kwa GPA waliyo nayo wasahau kabisa. Naandika kwa ajili yao.

Kwa asiyeifahamu kazi yenyewe: tiba kwa vitendo, ambayo hapa kila mtu anaiita OT, inamhudumia mtu ambaye ugonjwa, ajali, ulemavu au uzee umemnyang'anya shughuli zake za kila siku. Kuvaa, kula, kuoga, kupika, kushika kalamu, kurudi kazini. Mwenzetu wa mazoezi ya viungo atakusaidia kutembea hadi jikoni; sisi tunashughulika na utakachokifanya ukishafika humo. Kuisomea Marekani kunataka shahada ya uzamili au ya udaktari, na zote mbili zinakupeleka kwenye mtihani uleule wa taifa wa NBCOT. Maana yake ni kwamba mlango wake unapitia kwenye alama za digrii ya kwanza, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Familia yetu ilikuja kwa bahati nasibu ya viza, mimi nikiwa nimemaliza kidato cha sita. Baba na mama waliingia ghalani kubeba maboksi, nami nikasoma kozi fupi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, nikaanza kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Zamu yangu ilikuwa ya saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, na kemia ilianza saa mbili. Nyumbani Tanga kulikuwa na dawa za bibi na ada za binamu zangu, na hilo halikuwa jambo la kujadiliwa. Hela ilikuwa lazima iende. Sikuwa mzito wa kuelewa. Nilikuwa nasinzia. Anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza nilipata C, sehemu ya pili nikapata D, na kemia ikaenda vivyo hivyo. Mwaka wa mwisho, mdogo wangu alipopata kazi na mzigo ukagawanyika, alama zikapanda, lakini kufikia hapo jumla ilikuwa imeshalala chini.

Nalieleza hili kwa sababu msomaji mwenye hali kama hiyo anapaswa kuitazama transkripti yake kwa jicho la haki. Kuna anayefeli kwa kuwa somo limemshinda, na kuna anayefeli kwa kuwa saa za siku zimemwishia. Dawa zake ni mbili tofauti. Wa kwanza anahitaji mwalimu. Wa pili anahitaji kupunguza zamu, na asipozipunguza hata arudie somo mara ngapi atapata C ileile. Mshauri mmoja wa masomo aliyekuwa na transkripti yangu mbele yake hakuniuliza nalala saa ngapi. Aliniambia nitafute fani nyepesi zaidi.

Nilikuja kuipenda OT kwenye nyumba hiyohiyo ya wazee. Tulikuwa na mama mmoja aliyepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo. Kila mlo alikuwa anaacha nusu ya chakula, nasi tunaandika kwenye fomu: amekula asilimia hamsini. Tulidhani hana hamu, au hapendi mboga. Siku moja mtaalamu wa OT aliingia wakati wa chakula cha mchana, akakaa upande wa kushoto wa yule mama, akaiangalia sahani. Upande wa kulia ulikuwa mweupe, umefagiliwa. Upande wa kushoto wali, kuku na maharage machanga vilikuwa kama vilivyopakuliwa. Hakusema neno. Akaizungusha sahani nusu mduara. Yule mama akashtuka kidogo, kana kwamba ameongezewa chakula, akaendelea kula hadi akamaliza.

Ubongo wake ulikuwa umeacha kuujua upande wa kushoto wa dunia. Macho yalikuwa yanaona, ila kwake upande ule haukuwapo. Sisi wote tuliokuwa tukimlisha, kumwosha na kumvisha tulikuwa tumeiona sahani ile kwa muda mrefu na hakuna aliyeisoma. Kilichofuata kilinishangaza zaidi: yule mtaalamu hakuiacha kazi kwenye kuzungusha sahani. Alibandika utepe mwekundu ukingoni mwa trei upande wa kushoto, akaanza kumfundisha yule mama kuutafuta kwa macho kabla hajaanza kula, kila mlo, hadi akauzoea. Nikatamani kuijua kazi hiyo kwa namna ambayo sikuwahi kutamani kitu chuoni.

Pale kazini kulikuwa na dada mmoja Mkenya, msaidizi wa tiba kwa vitendo mwenye cheti cha COTA, aliyenizidi umri kwa mbali. Nilimfuata wakati wa mapumziko.

"Dada, nataka kusomea OT, lakini GPA yangu ni mbili nukta sita."

"Gani?" akaniuliza.

Sikumwelewa.

"GPA ni nyingi, mdogo wangu. Iko ya jumla, iko ya sayansi, iko ya yale masomo wanataka kabla ya kuingia, iko ya krediti sitini za mwisho. Umenitajia moja tu. Enda utafute hizo zingine, halafu uje tuongee."

Kama kuna kitu kimoja ninachotaka ukichukue kwenye maandishi haya, ni hicho alichonipa yule dada. GPA ya jumla ni hesabu iliyokwisha fungwa, na huwezi kuisogeza sana hata ufanyeje. Lakini shule haziangalii namba moja, na hazifanani. Kazi yako ni kujua kila shule inasoma namba ipi, kisha kuweka jasho lako mahali ambapo litaonekana.

Nikapiga hesabu zangu, na naziweka hapa wazi kwa sababu ndizo zilizonitoa kwenye huzuni. Nilikuwa na krediti 120 kwa wastani wa 2.6, yaani pointi 312. Nikipanga kusoma krediti 30 zaidi na kupata A tupu, yaani pointi 4 kwa kila krediti, ninaongeza pointi 120. Jumla 432, gawanya kwa 150: 2.88. Mwaka mzima na zaidi wa A tupu, na bado sifiki 3.0! Nilipoiona namba ile nilitaka kuacha. Kisha nikaangalia krediti 60 za mwisho. Humo zinaingia zile 30 mpya, pamoja na 30 za mwaka wangu wa mwisho chuoni, ambazo wastani wake ulikuwa 3.2. Hapo kwa A tupu ninafika 3.6. Na kwa masomo ya awali peke yake, yaani yale yanayotakiwa kabla ya kuingia, pale shule inapohesabu alama ya mara ya mwisho uliposoma somo, ninakaribia 4.0. Ni mtu yuleyule na transkripti ileile, ila dirisha la kutazamia limebadilika.

Kuna jambo moja watu hawaambiwi mapema. Maombi mengi ya OT hupita kwenye mfumo mmoja wa pamoja unaoitwa OTCAS, na OTCAS haifuti alama ya zamani unaporudia somo. Chuo chako kinaweza kuwa na utaratibu wa kubadilisha D kwa A kwenye transkripti, lakini OTCAS itazihesabu zote mbili. Kwa hiyo ukirudia masomo ukidhani jumla itaruka, utavunjika moyo bure. Faida ya kurudia iko kwenye wastani wa masomo ya awali na wa krediti za mwisho, ambao shule nyingi hujikokotolea zenyewe, na kwenye ushahidi kwamba sasa unaliweza somo. Anatomia yenye D halafu A ina habari ndani yake. Anatomia yenye D peke yake, ikisindikizwa na insha ndefu ya maelezo, haina.

Nikaorodhesha shule. Kitu cha kwanza nilichotazama ni ithibati ya ACOTE, baraza linaloidhinisha programu za OT, kwa sababu ukisomea hapa Marekani, bila kuhitimu kwenye programu yenye ithibati hiyo huruhusiwi kufanya mtihani wa NBCOT, na bila mtihani hakuna leseni. Baada ya hapo nikatazama kiwango cha chini cha GPA, na hapa lazima usome kila neno. Shule zinazosema "3.0 ya jumla, lazima" nyingine zina mfumo unaokutoa kabla binadamu hajafungua faili lako. Nyingine zinasema 3.0 kwa jumla au kwa krediti 60 za mwisho. Nyingine zinashuka hadi 2.75 halafu zinatilia uzito masomo ya awali na usaili. Pale ambapo maandishi hayakuwa wazi, niliandika barua pepe fupi kwa ofisi ya udahili: GPA yangu ya jumla ni hii, ya krediti 60 za mwisho ni hii, je, ombi langu litasomwa? Nyingi zilijibu, tena kwa ukweli. Hapana inayopatikana kwa barua pepe haina gharama, wakati ombi moja lina ada yake na lina mwezi mzima wa matumaini yako ndani yake.

Upande wa pili wa jambo hili usidharauliwe. Ipo shule inayopokea karibu kila mtu, kisha wanafunzi wanaanguka njiani wakiwa wameshakopa. ACOTE inazitaka programu zitangaze idadi ya wanaohitimu na wanaofaulu NBCOT, na inataka wastani wa ufaulu wa miaka mitatu usishuke chini ya asilimia 80. Zitafute namba hizo. Mtu mwenye GPA ya chini hushawishika kukimbilia popote palipo na mlango wazi, na hilo ndilo ningemwombea kila mdogo wangu aepushwe nalo.

Masomo niliyasoma kwenye chuo cha jamii, vile vyuo vya miaka miwili vyenye ada nafuu. Anatomia na fiziolojia zote mbili pamoja na maabara, takwimu, saikolojia ya magonjwa ya akili, saikolojia ya ukuaji wa binadamu tangu utotoni hadi uzeeni, sosholojia na fizikia. Juu yake nikaongeza istilahi za kitabibu na sayansi ya mwendo wa mwili. Kabla sijajisajili hata somo moja nilibadilisha zamu. Nyumba nyingi za wazee zina utaratibu wa wikiendi: unafanya zamu mbili ndefu Jumamosi na Jumapili, kisha wiki nzima ni yako. Mshahara ulipungua kidogo. Nilikaa na wazazi, nikawaeleza kwa mapato na matumizi, na kwa Tanga nikampigia baba mdogo nikamwambia kwa muda huu nitatuma ya dawa za bibi peke yake. Alinyamaza, kisha akasema, "Soma, mwanangu. Sisi huku tutajibana." Hilo neno lilinisogeza kuliko kitabu chochote cha mbinu za kusoma.

Mara hii anatomia ilikuwa kama mtaa niliokwisha kuishi. Nilikuwa nimeosha migongo, nimeinua miguu, nimevisha mikono iliyopooza kwa miaka. Tuliposoma mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa wa mkono wa juu na kwamba ukiumia kiganja kinaning'inia, mimi nilikuwa na sura ya mzee niliyemjua ambaye kiganja chake kilining'inia hivyohivyo. Nilichora kila kitu kwa mkono kwenye karatasi kubwa, nikafuta majina, nikayaandika upya bila kutazama. Nilijieleza kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa sababu kitu nisichoweza kumweleza mama yangu jikoni nilikuwa bado sijakijua. Mama sasa anajua misuli minne inayoshikilia bega. Nilipata A kwenye masomo yote isipokuwa fizikia, iliyonipa B. Jumla yangu ikasimama 2.85, krediti 60 za mwisho 3.53, masomo ya awali 3.83.

Wenye digrii kutoka nyumbani wana hatua ya ziada. Vyuo vya Tanzania vinatumia GPA ya hadi 5.0, ambapo 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini na 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu. Usiandike 3.4 ya Tanzania mahali panapotakiwa namba ya kati ya 4.0. Transkripti inapaswa kutathminiwa na taasisi inayokubalika kama WES, ambayo hubadilisha somo kwa somo, na matokeo yanaweza kuwa juu au chini ya unavyodhani. Fanya hilo mapema kabla ya kukata tamaa au kujipa uhakika.

Baada ya alama zinakuja saa za kutazama kazi. Kila shule ina idadi yake, na nyingine zinataka utazame sehemu zaidi ya moja. Sisi tunaofanya CNA tunadhani kwa kuwa tuko karibu na wagonjwa hatuhitaji. Tunahitaji, kwa sababu saa za CNA hazihesabiwi kuwa saa za kutazama OT. Nilianza palepale kazini, kisha nikaomba kwenye shule ya msingi na kwenye kliniki ya mikono. Kliniki ya mikono ilinifungua macho. Fundi wa magari aliyekatwa kano za vidole alikuwa anafundishwa upya kushika spana, na mtaalamu alikuwa amemtengenezea gango la plastiki la kuushikilia mkono, kwa kuilainisha plastiki kwenye maji ya moto na kuifinyanga juu ya mkono wa fundi huyo. Beba daftari. Usiandike jina la mgonjwa, ila andika ulichokiona mtaalamu akifanya na kwa nini, kwa sababu insha yako itatoka humo.

Insha ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko vyote. Rasimu za mwanzo zilikuwa zinaomba msamaha: nilikuwa na maisha magumu, nilifanya kazi usiku, naomba mnifikirie. Yule dada Mkenya alisoma moja akanirudishia. "Hii ni barua ya kuomba ruhusa," akasema. "Wewe unaomba kazi ya kufikiri. Waonyeshe ukifikiri." Nikaanza upya na ile sahani. Nikaandika tulivyoandika asilimia hamsini, na kile ambacho mtaalamu alikiona sisi tusikione. Kisha nikaandika kuhusu bibi yangu.

Bibi alipata kiharusi Tanga kabla hatujaondoka. Tulimpenda kwa jinsi tunavyojua kupenda mgonjwa kwetu: tulimfanyia kila kitu. Tulimlisha, tulimvalisha, tulimbeba hadi barazani, tukamkalisha kwenye mkeka na mito pembeni asianguke. Hakuna aliyemwachia afunge kanga yake mwenyewe kwa mkono mmoja, maana ingechukua muda na ingeonekana ni kumtesa. Miaka baadaye nilipojifunza kwamba mkono uliopooza unaingia kwanza kwenye nguo na unatoka mwisho, na kwamba kwa utaratibu huo mdogo mtu anaweza kujivalisha blauzi, nililia. Niliandika hayo kama yalivyo. GPA niliipa sentensi tatu karibu na mwisho: sababu yake, nilichokifanya, na namba za sasa. Zaidi ya hapo ningekuwa naipa nafasi isiyostahili.

Barua za mapendekezo zilitoka kwa mtaalamu wa OT niliyemtazama akifanya kazi, kwa mwalimu wangu wa anatomia wa chuo cha jamii, na kwa nesi msimamizi wa kazini. Mwalimu wa anatomia nilimwomba kwa makusudi. Wasiwasi wa shule kuhusu mtu kama mimi ni mmoja: je, ataiweza sayansi? Jibu la swali hilo lina nguvu likitoka kwa mtu aliyenifundisha sayansi. Na wape watu nafasi. Waombe wiki kadhaa kabla, uwape insha yako na orodha ya shule.

Mzunguko wa kwanza ulikwisha kwa barua za kukataliwa na nafasi moja kwenye orodha ya kusubiri ambayo haikusogea. Niliandikia kila shule kuuliza ni nini kingeimarisha ombi langu. Chache zilijibu, na moja ilinipa jibu la thamani: maombi yangu yalifika karibu na mwisho wa muda, wakati viti vingi vilikuwa vimeshatolewa. Shule kadhaa hudahili kadiri maombi yanavyoingia. Mzunguko uliofuata nilituma mapema, nikiwa na masomo yote yameshakamilika badala ya mawili yakiwa bado yanaendelea, na mialiko ya usaili ikaja.

Kwenye usaili swali lilikuja, kama nilivyojua litakuja. Profesa mmoja alifungua faili akasema alama zangu za miaka ya mwanzo zinamtia wasiwasi, kwa kuwa muhula wa kwanza wa programu yao una anatomia ya mwili mzima pamoja na sayansi ya mfumo wa fahamu. Nilimjibu hivi: "Miaka ile nilikuwa nafanya kazi usiku kucha na kuja darasani asubuhi, nikisaidia familia. Nilipopanga upya kazi yangu, nilisoma krediti thelathini, zikiwemo anatomia na fiziolojia zote mbili, na nikapata A isipokuwa kwenye somo moja. Nimeshaweka akiba ya muhula wa kwanza ili nisifanye kazi kabisa." Nikanyamaza. Kunyamaza ni sehemu ya jibu. Wengi wetu tunaendelea kueleza hadi tunaanza kujitetea, na msikilizaji anaanza kutilia shaka kile ambacho alikuwa ameshakikubali. Kisha wakatupa kazi ya vikundi: kumweleza mtu namna ya kutengeneza mkate wa siagi ya karanga kwa mkono mmoja tu. Wenzangu walianza na kisu. Mimi nikaanza na jinsi ya kuuzuia mkate usiteleze, maana nilikuwa nimewaona watu wakihangaika na mkate unaokimbia mezani. Taulo yenye maji chini ya sahani, ndipo kisu.

Nilipokelewa. Muhula wa kwanza ulikuwa mzito kweli, na programu ilitaka tusishuke chini ya 3.0. Sikushuka. Mafunzo ya fildi ya ngazi ya pili ni wiki 24 za kazi ya muda wote bila malipo, na hizo lazima uzipangie fedha tangu siku unayokubali nafasi. Nimeona wenzangu waliofaulu kila mtihani wakakwama hapo kwa kodi ya nyumba. Mtihani wa NBCOT unafaulu kwa alama 450 kwenye kipimo chao, na hakuna anayekuuliza uliingiaje.

Kuhusu mikopo, hali imebadilika na wanaoanza sasa wasifuate ushauri wa sisi tuliotangulia. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2025, mkopo wa Grad PLUS, uliokuwa unaziba pengo lote la ada, unasitishwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, na mikopo ya serikali kwa wanafunzi wa uzamili imewekewa kikomo. Kwa hiyo bei ya programu ni jambo la kuangaliwa sambamba na ithibati. Shule ya umma ya jimbo lako, hata kama ni ngumu kuingia, inastahili mzunguko mmoja zaidi wa kusubiri kuliko shule ghali itakayokuacha na deni la nusu maisha. Na njia ya COTA ipo: digrii ya miaka miwili, kazi yenye heshima kwa wagonjwa walewale, kisha kwa anayetaka zipo programu za kumvusha kutoka COTA kwenda OT. Yule dada aliyenifungua macho hakuwahi kutaka kwenda zaidi ya hapo, na nyumba nzima ya wazee ilikuwa inamtegemea.

OTCAS hufungua mzunguko mpya mwezi wa saba. Ukitaka kuwa miongoni mwa wa kwanza, anza kukusanya nakala za transkripti mwezi wa sita, kutoka kila chuo ulichowahi kusoma, hata kile ulichojisajili somo moja la kiangazi ukaliacha. Zile rasmi zinatumwa moja kwa moja kutoka chuoni, na kuhakikiwa kunachukua wiki kadhaa. Masomo utayaingiza wewe mwenyewe, moja baada ya jingine, na namba ya krediti na alama kama zilivyo kwenye karatasi. Usiku utakaoamua kuanza kazi hiyo, jiandalie chai, keti mezani na transkripti zote, na kabla hujaziingiza popote zipigie hesabu mwenyewe: ya jumla, ya masomo ya awali, ya krediti sitini za mwisho.